Viwanja vya familia Igombe: njia ya gari la faya na maji ya kuzimia moto tuyapangeje kabla ya kupima?

shamba_la_babu

Mwadila wakuu. Naomba mawazo hasa ya mainjinia na watu wa mipango miji mlioko humu. Sisi ukoo mzima tuna shamba la babu, kama ekari tano, upande wa Igombe huku Ilemela, limeshuka kuelekea ziwani, juu kuna mawe yale yetu ya Mwanza na chini ni tambarare. Tumekubaliana tupime viwanja kama 30 hivi vya mita 20 kwa 25, vingine tuuze vingine watoto wajenge. Mpima kaleta mchoro wa awali, kapitisha njia moja tu katikati kutoka barabara kubwa hadi chini, urefu kama mita 180, upana mita nne, inaenda kugonga ukuta wa jirani basi imeishia hapo.

Mi nikauliza, nyumba ya mwisho kule ikishika moto gari la faya linaingiaje, linageukia wapi na maji wanayatoa wapi? Shangazi akasema mtoto wewe mbona unatuombea mabaya, kaka mkubwa akasema kila mita ya barabara ni hela imetupwa, na tena ziwa si lile pale mita 400 tu, maji ya kuzimia moto tunayo mpaka yanatuzidi.

Sasa naomba kujua njia iwe na upana gani, bomba la mtaani linatosha au mpaka haidranti (kile kichwa cha bomba barabarani ambacho faya wanaunganishia mpira), na hilo ziwa lina msaada kweli au tunajidanganya? Nauliza sasa hivi kwa sababu mchoro ukishapita halmashauri, bikoni (alama za mipaka) zikashazikwa na watu wakalipia, hakuna atakayekubali kurudisha hata nusu mita.

kokoto_na_mchanga

Mkuu faya wenyewe wanakuja bila maji unahangaika na nini 😂 weka ndoo ya mchanga kila nyumba na mtungi wa zimamoto jikoni yaishe

injinia_wa_mabomba

Mtungi ni muhimu sikatai, ila huo usemi wa "wamekuja bila maji" ngoja tuupigie hesabu kidogo. Chukua gari lililobeba lita 5,000. Mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, dakika ya kumi gari limekauka. Jamaa aliyesimama pembeni anarekodi na simu anaona mpira umelegea, anapandisha video kwamba hawakuja na maji. Walikuja nayo, yameisha, na mahali pa kujazia hapajawahi kuwepo kwa sababu siku mtaa unapimwa hakuna aliyeuliza hilo swali unalouliza wewe. Kwahiyo mleta mada mchoro wako uulize kuhusu dakika ya kumi na moja.

Tuanze na njia. Marekani kanuni za moto zinazotumika majimbo mengi zinataka upana wa futi 20, yaani mita 6.1, pawe wazi kabisa bila kitu, na juu pawe wazi mita 4.1 ili lisishike nyaya wala matawi. Palipo na haidranti wanaongeza upana mpaka futi 26, karibu mita 8, maana gari moja likisimama kuunganisha mpira lingine lazima lipite. Uingereza wao wamebana, mita 3.7 kutoka kingo hadi kingo na geti mita 3.1. Najua kaka yako akisikia hiyo 3.7 atasema si unaona, nne zinatosha. Mwambie kule hiyo 3.7 ni barabara ngumu isiyo na kitu ndani yake. Huku kwetu njia ya mita nne mwezi wa kwanza ina rundo la kokoto, mwezi wa pili nguzo ya umeme, mwezi wa tatu mtu kajenga ngazi ya kibarazani kwake, ukija kupima unapata mbili na nusu.

Alafu hiyo ya kugonga ukuta ndo imenitisha zaidi kuliko upana. Marekani njia isiyotokea ikizidi kama mita 45 lazima iwe na mahali pa kugeuzia, Uingereza hawataki gari la zimamoto lirudi kinyumenyume zaidi ya mita 20. Wewe una 180. Fikiria dereva anarudi rivasi mita 180 usiku, moshi, watu wamejaa, bodaboda zimepaki huku na huku, na nyuma yake kuna gari la pili linataka kuingia.

Sasa hesabu ya kumpelekea shangazi. Kuongeza mita 2 kwenye njia ya mita 180 ni mita za mraba 360. Weka na mkono wa kugeuzia wa umbo la T huko mwisho, mita 20 kwa 6, ni 120. Jumla 480. Kiwanja chenu kimoja ni 500. Ukoo mzima mnagombania kiwanja kimoja ambacho hata hakijatimia.

Kingine, Marekani nyumba za familia zikizidi 30 kwenye njia moja wanadai njia ya pili ya kuingilia. Nyie mmesimama mpakani kabisa. Ongeeni na huyo jirani mwenye ukuta, kama na yeye anafikiria kupima basi michoro iunganishwe njia itokee kwake, hapo hata suala la kugeuzia linakuwa dogo.

Mteremko uangalieni pia maana huko juu ni mawe. Kiwango cha Marekani ni asilimia 10, ukienda mbele mita 10 usipande zaidi ya mita 1. Gari lenye lita 5,000 limebeba tani tano za maji peke yake kabla hujahesabu chuma chake na watu, sasa hilo kwenye changarawe iliyolowana mvua ya masika linapandaje? Na karavati la mtaro pale mnapoingilia kutoka barabara kubwa lijengwe la kubeba lori, sio zile slabu nyembamba za kupitisha bajaji.

Maji narudi baadae nipo saiti.

mwamba_mabatini

Nasoma huu uzi roho inaniuma. Mimi nakaa Mabatini juu kwenye miamba, kwetu bodaboda yenyewe inaishia chini, mtungi wa gesi unabebwa begani, kitanda kikinunuliwa kinapandishwa vipande vipande. Wazee wetu walijenga palipokuwa na nafasi kati ya jiwe na jiwe. Urasimishaji ulipokuja tumepata hati sawa, ila hati haipanui njia, nyumba zilikuwa zishasimama. Gari la faya likija litapaki chini barabarani tutaangaliana nalo. Kwahiyo mleta mada usimsikilize mtu, wewe una ardhi tupu hiyo ni bahati. Ila na sisi wa mlimani mtuambie tufanyeje, msituache.

injinia_wa_mabomba

Nimerudi. Maji sasa.

Bomba linalosambaza mtaani mara nyingi ni la inchi 2. Maji yakitembea kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, ambayo ni kasi kubwa tu, bomba hilo linatoa kama lita 240 kwa dakika. La inchi 4 linatoa kama 940. La inchi 6 linapita 2,100. Unaona lilivyoruka, kipenyo kimezidi mara tatu maji yamezidi mara tisa. Nyumba ya kawaida ya familia Marekani wanahesabia galoni 1,000 kwa dakika, ambazo ni lita karibu 3,800, kwa saa nzima, ila wao nyumba zao ni za mbao. Zetu za tofali kuta haziungui, kinachoungua ni paa la mbao, siling bodi, makochi na magodoro ya sponji, na hayo yanawaka haraka ajabu, chumba kizima kinaweza kulipuka moto ndani ya dakika chache. Hata ukitaka robo tu ya hizo lita zao, inchi 2 haifiki. Haidranti ukiifunga kwenye bomba la inchi 2 ni pambo la barabarani.

Kwahiyo nendeni MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, na mchoro mkononi, muulize bomba kubwa lililo karibu lina kipenyo gani, presha yake mchana ikoje na usiku ikoje. Msiulize "maji yapo?" mtajibiwa yapo. Mtambo wa Butimba uliongeza lita milioni 48 kwa siku na watu wengi wamepumua, ila maji kuwepo mjini ni kitu kimoja na maji kupita kwenye bomba la mtaani kwako kwa kasi ya kuzima moto ni kitu kingine. Na kila mita 10 za kupanda zinakula presha ya bar 1, viwanja vyenu vya juu kwenye mawe vitakuwa vinapata ya chini kuliko vya huku tambarare.

Kama mtaweza kuchangia, vuteni la inchi 6, la inchi 4 liwe mwisho wa kushuka, tena kabla njia haijashindiliwa. Kuchimba mtaro kwenye mwamba wa Mwanza baada ya nyumba kujengwa mtalia. Kama bomba kubwa lipo mbali basi jengeni tanki la chini. Uingereza pasipo na bomba la maana wanakubali tanki la lita 45,000 linalokaa limejaa muda wote. Kwa vipimo ni kama mita 5 kwa 4.5 kwa kina cha mita 2. Wala sio kubwa, watu wanajenga mashimo ya choo makubwa kuliko hilo.

mstaafu_wa_mpira

Mhola mleta mada. Mimi nimefanya kazi ya kuzima moto miaka mingi sasa nimepumzika. Injinia kaongea vizuri, mi nichangie la ziwa maana kila mtu wa Mwanza anaamini akikaa karibu na ziwa basi moto haumuwezi.

Pampu ya gari haina nguvu ya kuvuta maji kama watu wanavyodhani. Inatoa hewa kwenye mpira wa kufyonzea, halafu uzito wa hewa ya nje ndo unasukuma maji yapande, sawa na mrija wa soda. Baharini kabisa, hata pampu iwe nzuri vipi, maji hayawezi kupanda zaidi ya mita 10 na kidogo. Ziwa letu lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa huku ni nyepesi, kikomo chenyewe kinashuka kwenye mita 9, na ukitoa msuguano wa mpira na viungio vinavyovuja kidogo, mimi nisingepanga kwa zaidi ya mita 6. Hizo ni mita za kwenda juu kutoka usawa wa maji mpaka kwenye pampu. Kwahiyo gari lazima lisogee mpaka ukingoni kabisa, pawe pagumu tairi zisizame, na chujio la mwisho wa mpira lizame vizuri chini ya maji, kama sentimita 60, lisinyonye hewa wala lisikalie tope.

Sasa nenda kaangalie ufukwe wako. Nyasi, matope, mitumbwi, mawe. Magugu maji yakisukumwa na upepo yakajaa pale chujio linaziba dakika hiyo hiyo. Na ziwa lenyewe halitulii mahali pamoja, 2020 lilipanda likameza nyumba na mashamba ya watu pembezoni, 2024 likapanda tena. Mahali ulipopanga gari lisimame pakiwa ndani ya maji umepanga nini?

Na hizo mita 400 za kaka yako. Mpira mmoja una mita 20 hivi. Anataka mipira 20 iungwe mmoja baada ya mwingine, tena kupandisha mlima, presha inaisha njiani kabla haijafika kwenye nyumba. Ziwa linasaidia kama mahali pa kujazia, gari linashuka linajaza linarudi, wakati gari lingine linaendelea kuzima. Hilo linawezekana ila linataka njia ya lori mpaka ukingoni. Kumbuka sheria ya mazingira ya 2004 inalinda ile mita 60 kutoka ziwani, msije mkamwaga zege pale kwa kujiamulia. Ongeeni na halmashauri na viongozi wa mwalo wa karibu (pale wavuvi wanaposhushia samaki), pengine mwaloni tayari pana njia ngumu ya magari ya dagaa, mkatumia hiyo hiyo. Tanki liwepo hata hivyo, ziwa liwe la kuongezea.

Wewe wa Mabatini nimekusoma. Penye ngazi tupu gari halitafika hata tukeshe tunaomba. Kinachowezekana ni bomba kavu la chuma la inchi 4, linaanzia chini barabarani linapanda pembeni ya ngazi mpaka juu, na njiani lina vichwa vya kuunganishia mpira kila baada ya umbali. Halina maji siku zote. Siku ya tukio gari linasimama chini linasukuma maji ndani, vijana wanapanda na mipira mikavu begani wanaunganisha huko juu. Kupanda mita 30 kunakula bar 3, pampu inatoa mpaka bar 10, zinabaki za kutosha. Maghorofa yanatumia mpango huo huo. Kazi kubwa ni kulinda vifuniko maana wa chuma chakavu watapita navyo, na watoto wakikuta tundu wanajaza kokoto. Balozi wenu na mwenyekiti wa mtaa lazima wawe na mkono hapo.

dalali_buswelu

Niwaambie ukweli wa sokoni. Miaka yote nauza viwanja sijaulizwa haidranti na mteja hata mmoja, wanauliza umeme upo, maji yapo, hati ipo. Lakini sikilizeni, mteja akija na gari lake akaona njia ya mita sita lori la tofali linaingia na kugeuka, bei haipungui sana. Akiona kichochoro anaanza kulalamika kwamba gari la mchanga litamwaga barabarani abebe kwa toroli, na gari la kunyonya maji taka halitafika. Yaani hiyo njia mnayoiita ya faya ndo njia ya lori, ya boza la maji, ya ambulensi, hata ya jeneza. Mwambie kaka yako kile kiwanja kimoja anachokililia kinarudi kwenye bei ya vile 29 vingine, mi nipo tayari kumpigia hiyo hesabu bure, na kazi ya kuuza nikipewa nitashukuru 😀

kokoto_na_mchanga

Dalali kashaingiza biashara. Ila ile ya dakika ya kumi na moja imenikaa. Swali, mageti je? Mitaa mingi saivi wanafunga geti la pamoja na mlinzi akilala ndo basi

mstaafu_wa_mpira

Geti lisipungue upana wa njia yenyewe, lisiwe na kile chuma cha juu cha urembo chenye jina la mtaa kama kipo chini ya mita 4.1, na ufunguo wa pili ukae kwa mtu ambaye anajulikana. Matuta nayo msiyajenge kama vilima. Zaidi ya hapo kila mtu aijue 114, na anayepiga aelekeze kwa alama zinazoonekana, usiseme "njoo kwa mama Neema", sema ni njia ya pili baada ya shule, geti la bluu. Mkiandika namba za nyumba mapema mnasaidia mtu asiyewajua.

shamba_la_babu

Wakuu mmenifungua. Hesabu ya 480 nimeituma kwenye grupu la ukoo, shangazi kanyamaza, kwake kunyamaza ni dalili nzuri. Mpima anasema kubadilisha mchoro saizi ni kazi ya siku mbili tu. Jirani mwenye ukuta nimeshampigia, anataka tukutane Jumapili.

Lililobaki ni tanki. Likae kwenye kiwanja cha nani, na nani analijaza? Kaka anasema kama tunatumia hela kulijenga basi watu watumie hayo maji nyumbani, kukaa tu na lita 45,000 zinakutazama ni kufuru.

injinia_wa_mabomba

Lisikae kwenye kiwanja cha mtu. Lichorwe kwenye eneo la wazi, karibu na njia, ili siku mwenye kiwanja akiuza asije mnunuzi akasema tanki ni langu. Wekeni karibu na ule mkono wa T, gari likisimama kufyonza lisizibe njia, lakini lisiwe chini ya njia, paa la tanki halijapigiwa hesabu ya kubeba gari la zimamoto.

La kaka linawezekana, watu wanalifanya. Jengeni tanki kubwa zaidi, tuseme lita 60,000, halafu bomba la kwenda majumbani litolewe juu, pale ambapo chini yake zimebaki 45,000. Watu wakitumia mpaka wakaona maji yamekata, ya zimamoto bado yapo chini hayajaguswa, na hakuna haja ya mlinzi wala mkutano. La kujazia liwekeeni boya lijifunge lenyewe. Bili igawanywe kwa wanaotumia.

Na kabla hamjamwaga zege pelekeni mchoro wote, njia na tanki, kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mkoani. Kupitia ramani za majengo ni kazi yao, na ni rahisi kufuta mstari kwenye karatasi kuliko kubomoa.

mstaafu_wa_mpira

Nakazia hapo. Mkienda, ulizeni kitu kimoja ambacho mafundi wetu wanakisahau kila siku, kaplingi. Ule mdomo wa tanki ambao gari litaunganisha mpira wake unatofautiana, Ujerumani wanatumia Storz, Uingereza wana yao ya kubana mara moja, Marekani ni ya nati. Magari yenu yanatumia ipi, pateni moja mkampe fundi kabla hajachomelea. Unaweza kuwa na lita elfu 45 na gari limefika halafu midomo haikutani.

shamba_la_babu

Nimeandika yote. Kaka mkubwa amekubali mita sita na tanki, ila kaweka sharti, anauliza kama mle ndani anaweza kufuga sato.

mstaafu_wa_mpira

Hapana. Mwambie sato wapo ziwani mita 400, awafuate.